Namba ya Chesisi Kwanza, Bei Baadaye: Namna ya Kujua Kama Gari Yako Imeitwa na Kiwanda

Shemegi yangu wa Wete alinipigia simu usiku mmoja baada ya Isha, ana furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Shemegi, gari nimeshaipata. Bei tushakubaliana, kesho natuma pesa." Nikampongeza, kisha nikamwambia anitumie namba ya chesisi kabla hajatuma hata senti moja. Akanyamaza kidogo. "Ya nini tena? Si nitaiona kwenye kadi ikishafika?"

Wengi wetu tunakosea hapo. Namba ya chesisi tunaanza kuijali gari ikishashuka bandarini Malindi, Unguja, wakati siku ya kuihitaji ni ile ambayo gari bado imeegeshwa kwenye uwanja wa muuzaji Japani. Kule, ikiwa kiwanda kimeiita gari hiyo kwa kasoro ya hatari, inapelekwa kwa wakala wa kiwanda, inatengenezwa bure, inarudi. Ikishavuka bahari, kazi ile ile inakuwa safari, barua, kusubiri, na pengine gharama. Kwa hiyo nitaeleza namna ya kuangalia kwa gari unayotaka kuinunua na kwa ile ambayo tayari unaiendesha, lakini ukiweza, iangalie kabla ya kununua.

Wito wenyewe ni kitu gani

Kiwanda kikigundua kwamba gari zake zina kasoro inayoweza kumdhuru mtu, sheria inakitaka kizitangaze na kuziita zirudi kwa mawakala wake zitengenezwe bila malipo, awe mwenye gari ni wa kwanza au wa tano. Sheria hiyo ipo Japani, ipo Marekani, ipo Uingereza. Mimi nitauita wito wa kiwanda. Wajapani hutamka "rikoru" na huandika リコール. Litazame umbo lake, tutakutana nalo mbele.

Barua ya wito hupelekwa kwa mwenye gari aliyemo kwenye daftari la usajili la kule. Gari inapofutwa kwenye daftari hilo ili isafirishwe nje, kiwanda hakina tena wa kumwandikia. Hakuna atakayekuja kukubishia hodi Mwanakwerekwe au Konde kukwambia kuwa eabegi ya gari yako, ule mfuko wa hewa unaofunguka wakati wa ajali, ina kasoro. Na cheti cha ukaguzi kilichokuja na gari kina kazi yake, ya breki, taa, matairi na bodi. Usikichukulie kuwa kimekujibu suali la wito. Suali hilo unajijibu mwenyewe, kwa simu yako, kwa robo saa, na bila ya kulipa chochote.

Hatua ya kwanza: ipate namba na uisome sawasawa

Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani, ambazo ndizo nyingi Unguja na Pemba, hazina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Zina namba fupi ya vipande viwili vilivyotenganishwa na kistari. Mfano wa umbo lake ni NZE121-0000000. Kipande cha mbele kinataja aina ya gari, na gari maelfu zinakishiriki. Kipande cha nyuma ni cha gari yako peke yake.

Anza na kadi ya gari, kisha fungua boneti. Kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi, tafuta kibati chepesi cha rangi ya fedha chenye maandishi madogo madogo. Kipanguse kwa kitambaa kilicholowana, maana vumbi letu la shamba likichanganyika na mafuta huwa kama rangi. Washa tochi ya simu, iweke upande, si mbele moja kwa moja, ili mwanga uyapitie maandishi kwa mlalo. Piga picha. Namba hiyo hiyo imepigwa pia kwenye chuma chenyewe cha bodi, mara nyingi karibu na hapo hapo chini ya waipa. Kwenye gari kama Hiace itafute pembeni ya kiti cha mbele, chini ya zulia au kifuniko.

Namba ya kwenye kadi, ya kwenye kibati na ya kwenye chuma lazima zifanane tarakimu kwa tarakimu. Zisipofanana, liache kwanza suala la wito, kwa sababu una jambo kubwa zaidi la kushughulikia: huenda karani alikosea kuandika, na huenda gari si ile inayosemwa.

Wengi wanateleza katika kuisoma. Baada ya kistari hakuna herufi, ni tarakimu tupu, kwa hiyo duara lolote hapo ni sifuri. Kabla ya kistari, angalia Z isije ikasomwa 2, na B isije ikasomwa 8. Niliwahi kupoteza jioni nzima na gari ya jirani, ukurasa unakataa kila mara, mpaka tukarudi na tochi tukaona kuwa 3 tuliyokuwa tukiiandika ni 8 iliyofichwa nusu na rangi.

Kama gari bado haijanunuliwa, muombe muuzaji picha mbili: ya kibati, na ya cheti cha kusafirishia gari nje. Wapo wanaoficha tarakimu za mwisho kwenye tangazo. Mnunuzi wa kweli akiziomba, muuzaji wa kweli hutoa. Akikataa baada ya kuombwa kwa heshima mara mbili, mimi ningetafuta gari nyengine.

Kwenye cheti hicho utakuta pia mwaka wa usajili wa kwanza, na mara nyengine umeandikwa kwa kalenda ya Kijapani. Ukiona 平成 na namba, jumlisha 1988: 平成17 ni mwaka 2005. Ukiona 令和, jumlisha 2018. Uandike mwaka huo, lakini usiutegemee peke yake, kwa sababu wito hufuata tarehe ya kutengenezwa, na gari inaweza kutengenezwa mwisho wa mwaka ikasajiliwa mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: fungua mlango wa dereva

Kabla ya kuingia mtandaoni kuna kitu kidogo ambacho wenye gari wengi wanakiona kila siku wala hawajui ni nini. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya bodi pale penye kile kipande cha chuma kinachoshikwa na loki mlango ukifungwa. Karibu yake, juu au chini, unaweza kukuta stika ndogo, haizidi ukucha wa kidole gumba kwa urefu, imeandikwa No. na tarakimu kadhaa. Hiyo hubandikwa na wakala kule Japani baada ya kazi ya wito kufanywa, na ile namba ni ya wito wenyewe. Gari moja inaweza kuwa na stika mbili au tatu.

Ukizikuta, zipige picha, ni ushahidi mzuri. Usipozikuta usihukumu, kwani labda gari haikuwahi kuitwa, au bodi imepigwa rangi upya na stika ikang'olewa. Endelea.

Hatua ya tatu: ingia kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe

Kila kiwanda kikubwa cha Japani kina ukurasa wa kuangalia wito kwa namba ya chesisi. Ukurasa ni wa Kijapani, na hilo ndilo linalowatisha watu. Lakini si kazi kubwa. Kwenye Google nakili jina la kiwanda kwa Kijapani, kisha maneno haya mawili: リコール 検索. La kwanza tumeshalijua, la pili maana yake ni kutafuta. Majina ya viwanda vya gari zilizojaa kwetu ni haya: トヨタ ni Toyota, 日産 ni Nissan, ホンダ ni Honda, マツダ ni Mazda, スズキ ni Suzuki, スバル ni Subaru, 三菱 ni Mitsubishi, ダイハツ ni Daihatsu. Yanakili kama yalivyo, uyabandike.

Katika majibu chagua tovuti ya kiwanda chenyewe. Tazama anwani: iwe na jina la kiwanda na iishie na .jp au .co.jp kabla ya mkwaju (/) wa kwanza. Tovuti inayokuomba pesa ili ikuonyeshe kama gari yako imeitwa, ifunge. Habari hii kiwanda kinaitoa bure.

Ukishaingia, simu yako itakuuliza kama unataka ukurasa utafsiriwe. Kubali, lakini usiiamini tafsiri moja kwa moja, maana mara nyengine inachanganya "imefanywa" na "inafanywa". Tafuta pahala palipoandikwa 車台番号, yaani namba ya chesisi. Kurasa nyengine zina kisanduku kimoja, nyengine viwili: cha kwanza kwa kile kipande cha mbele, cha pili kwa tarakimu za baada ya kistari. Herufi ziandike kubwa. Usiache nafasi. Kama vipo visanduku viwili, kistari usikiandike. Kisha bonyeza 検索.

Ukurasa ukikwambia kuna kosa, rudi kwenye picha ya kibati kwanza. Mara tisa katika kumi kosa liko kwenye kusoma namba.

Ipo na njia ya pili. Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani ina tovuti yake ya wito wa magari, renrakuda.mlit.go.jp, inayokusanya wito wa viwanda vyote. Humo hutafuti kwa namba ya gari yako. Unatafuta kwa kiwanda na jina la gari, kisha unafungua tangazo na kukuta jedwali lenye aina za gari, namba ya chesisi inayoanzia na inayoishia, na miezi ya kutengenezwa. Namba yako ikiwa katikati ya hizo mbili, gari yako inaweza kuwemo, ingawa ndani ya safu huwa kuna na gari zisizohusika. Mimi hii naitumia kujua kasoro yenyewe ni ipi, na jibu la mwisho nalichukua kwenye tovuti ya kiwanda.

Kulisoma jibu

Jibu litakuja katika moja ya sura tatu. Ukiona maneno yanayosema hakuna wito, au herufi 対象外, gari yako haihusiki. Ukiona orodha, kila mstari ni wito mmoja, una tarehe na jina la kasoro, na pembeni yake hali ya kazi. Hapa jifunze herufi mbili tu. Hii 未 inafanana na mti wenye matawi mawili, la juu fupi na la chini refu. Ikitangulia, kama 未実施, kazi haijafanywa. Na hii 済, ikiwa mwishoni, kama 実施済, kazi imefanywa na imekwisha. Hata tafsiri ya simu ikisema vyengine, ziamini herufi hizo.

Gari yangu mwenyewe niliinunua ikiwa tayari iko hapa, imeshapita mikono miwili. Siku nilipoiingiza namba yake nilikuwa nimeshaiendesha miaka minne. Ukurasa ukanirudishia mistari miwili. Mmoja umekwisha na stika yake nilikuwa naiona mlangoni bila ya kujua. Wa pili ulikuwa na ule mti mbele yake, na kasoro yenyewe ilikuwa eabegi ya upande wa abiria, pahala anapokaa mke wangu kila asubuhi tunapompeleka mtoto skuli. Niliisoma mara tatu, kisha nikatoka nje nikaenda kukitazama kile kiti.

Kwa gari zenye namba ya herufi 17

Gari zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, Ulaya au Ghuba hutumia namba ndefu. Ndani yake hakuna kamwe herufi I, O wala Q, kwa hiyo hapa pia duara ni sifuri. Ya soko la Marekani unaiingiza kwenye nhtsa.gov/recalls, tovuti ya mamlaka yao ya usalama barabarani. Iliyotoka Uingereza inaangaliwa kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, kwa namba yake ya usajili ya zamani, kwa hivyo usizitupe zile karatasi zilizokuja nayo. Ya soko jengine, wasiliana na wakala wa kiwanda hicho.

Kasoro mbili ambazo sisi wa visiwani tuzitazame kwa macho mawili

Si kila wito una uzito mmoja. Upo wa karatasi iliyobandikwa vibaya, na upo wa kufa na kupona. Nitakaa kwenye miwili.

Wa kwanza ni wa eabegi za Takata. Kampuni hii ya Japani iliviuzia eabegi viwanda vingi, vikiwamo Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na Mitsubishi. Ndani ya eabegi kuna kijikopo cha chuma chenye kemikali inayowaka ghafla na kutoa gesi ya kuujaza mfuko. Takata walitumia amoniamu naitreti, na katika vijikopo vingi hawakutia kitu cha kunyonya unyevu. Miaka ikipita, unyevu na joto linalopanda na kushuka huiharibu ile kemikali. Siku ikiwaka inawaka kwa nguvu kupita kiasi, kijikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinatoboa mfuko na kuruka hadi usoni, shingoni na kifuani kwa mtu aliyepaswa kulindwa. Wala haihitaji ajali kubwa. Mgongano mdogo unaotosha kuifungua eabegi unatosha kuua.

Wito huu ulianza 2008 kwa gari chache za Honda, ukapanuka sana kuanzia 2013, na Juni 2017 Takata wakafilisika. Dunia nzima vijikopo vilivyoitwa vinakaribia milioni 100. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 25, na Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama yetu, nayo imezika watu kwa sababu hii. Marekani ilipopanga gari zipi zitangulie kutengenezwa, ilianza na majimbo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Sasa ifikirie gari iliyokaa Pemba miaka kumi: masika inapita juu yake, kaskazi inaichoma, mchana imeegeshwa juani Chake Chake vioo vimefungwa, usiku inalala kwenye umande. Kama kuna pahala pa kuliharakisha jambo hili, ni hapa petu.

Gari zilizoguswa zimo zile tunazozijua: baadhi ya Corolla, Vitz na RAV4, Honda Fit, Subaru Impreza na nyengine nyingi. Nasema baadhi kwa makusudi. Vitz mbili zilizosimama pamoja Darajani zinaweza moja kuwa imeitwa na nyengine haikuitwa. Kinachoamua ni namba, si jina la gari.

Jambo moja zaidi kuhusu Takata. Tangu Mei 2018 Japani iliacha kuzipitisha kwenye ukaguzi wa barabarani gari zenye eabegi za hatari ambazo hazijatengenezwa. Lakini ukaguzi huo ni wa kutembea barabara za Japani, na gari inayouzwa nje haihitaji kuupita. Usijitulize kwa kusema "ingekuwa mbovu wasingeiuza".

Wa pili ni wa swichi ya vioo vya umeme upande wa dereva. Oktoba 2012 Toyota waliita zaidi ya gari milioni 7 duniani, na Oktoba 2015 wakaita nyengine milioni 6.5, zikiwamo za jamii ya Vitz na Corolla, kwa sababu ya grisi iliyopakwa vibaya ndani ya swichi hiyo. Swichi huanza kukwama au kukwaruza ukiibonyeza. Na hapa ndipo mazoea ya gereji zetu yanapoingia. Swichi ikikwama, fundi anachukua kopo la mafuta ya kupuliza anapuliza ndani. Toyota wenyewe walionya kuwa mafuta ya kununua dukani yakitiwa humo swichi inaweza kuyeyuka, ikatoa moshi na kuwasha moto. Ikiwa swichi ya dereva inakwama au ina harufu ya plastiki inayoungua, usipulize kitu. Angalia namba kwanza.

Umekuta haijafanywa: fanya hivi

Kama gari bado iko Japani, mwandikie muuzaji leo leo. Mtumie picha ya skrini yenye ule mstari, mwambie aipeleke kwa wakala wa kiwanda kabla haijapakiwa, na akutumie picha ya stika mlangoni kazi ikisha. Yeye halipii matengenezo. Anachopoteza ni siku chache na safari ya kuipeleka. Malipo yako ya mwisho yafungamanishe na picha hiyo. Shemegi alifanya hivyo. Muuzaji alinung'unika kidogo, akasema meli itapita. Meli ikapita kweli, gari ikapanda inayofuata, na picha ya stika ilifika kwanza.

Kama gari iko hapa, tafuta wakala rasmi wa kiwanda hicho nchini. Kwa Toyota ni Toyota Tanzania, Dar es Salaam. Usipandishe gari melini kabla ya kuwasiliana nao, hasa wewe wa Pemba, ambaye kutoka Mkoani mpaka Dar ni gharama juu ya gharama. Gari zetu nyingi hazikuingia nchini kupitia kwa wakala, kwa hiyo pata jibu kwa maandishi, si kwa mdomo. Barua pepe iwe fupi na kamili, mfano:

"Assalaam aleykum. Ninamiliki gari aina ya (taja), namba ya chesisi (iandike yote), iliyosajiliwa Zanzibar. Tovuti ya kiwanda Japani inaonyesha kuwa wito wa tarehe (iandike) kuhusu (taja kasoro) haujafanyiwa kazi. Nimeambatisha picha ya ukurasa, ya kibati na ya kadi. Naomba mnijulishe: kifaa kipo au kitaagizwa, kazi ni bure kwa gari iliyoagizwa na mtu binafsi au kuna malipo, na itachukua siku ngapi. Naomba jibu kwa maandishi. Ahsanteni."

Wiki mbili zikipita kimya, tuma tena, kisha piga simu ukiitaja tarehe ya barua yako. Mimi nilituma mara tatu.

Wakati unasubiri, linda watu. Kama eabegi iliyoitwa ni ya abiria, kiti cha mbele kiache kitupu. Chetu kilikaa kitupu miezi mitatu, na mke wangu alisafiri nyuma pamoja na mtoto. Kama ni ya dereva, na kuna gari nyengine ya kutumia, itumie hiyo. Usipokuwa na budi, sogeza kiti nyuma mpaka kifua chako kiwe mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi, na funga mkanda hata kama unatoka Michenzani kwenda Kariakoo ya hapa Unguja tu.

Usikubali fundi akwambie "tutaitoa fyuzi tu, yaishe". Fyuzi hiyo kwenye gari nyingi inaendesha pia mikanda inayojikaza wakati wa ajali. Usimruhusu kuzichokonoa nyaya za eabegi kwa taa ya kupimia, inaweza kufunguka usoni kwake. Wala usinunue eabegi iliyotumika kutoka kwenye gari iliyokatwa, maana unaweza kulipa pesa ukajirudishia kijikopo kile kile.

Na kuna gari ambazo eabegi hazina kabisa, zilishafunguka kwenye ajali ya zamani kikabandikwa kifuniko kitupu. Washa swichi bila ya kuwasha injini, tazama dashibodi: taa yenye alama ya mtu na duara, au herufi SRS, inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipozima kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameiua taa ili usijue.

Wenye daladala, teksi na gari za kukodisha wageni, mnabeba roho za watu kutwa. Ziandikeni namba za gari zote kwenye karatasi moja na mziingize siku moja. Dereva asiyemiliki gari anaweza kumuomba tajiri wake picha ya kadi. Si kumkosea adabu.

Rudia

Jibu la leo ni la leo. Wito wa Takata uliendelea kupanuka kwa miaka zaidi ya kumi, na gari zilizokuwa salama kwenye orodha ya mwaka mmoja zikaingia kwenye ya mwaka mwengine. Chagua siku ambayo huwezi kuisahau, kama siku unapolipia bima, ukae uiingize namba tena. Shemegi yangu ameiandika yake kwa wino kwenye jalada la ndani la kitabu cha gari, na chini yake tarehe za kila mara aliyoangalia. Nilipokwenda Wete mara ya mwisho zilikuwa zimefika tatu.